Damu Ikitoka Puani: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Kama damu inakutoka sasa hivi, au unamsaidia mtu anayetokwa na damu, fanya hili kwanza. Mgonjwa akae kitako, ainamishe kichwa mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa kidole gumba na kidole cha shahada, apumue kwa mdomo. Tazameni saa. Asiachie mpaka dakika 10 zitimie, hata akihisi damu imekata. Maelezo mengine yote yatasubiri.

Kwa nini hapa kwetu

Kazi ya pua si kunusa tu. Hewa tunayovuta hupita humo ili ipashwe joto, ilowanishwe na kuchujwa vumbi kabla ya kufika mapafuni. Kazi hiyo hufanywa na utando laini wenye ute, na chini ya utando huo kuna mishipa midogo ya damu iliyosongamana. Sehemu ya kuitazama hasa ni upande wa mbele wa ule ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua, karibu kabisa na mlango. Hapo mishipa kutoka pande kadhaa hukutana na kufanya mtandao, na kinachoufunika ni ngozi nyembamba mno. Madaktari huiita sehemu hiyo kwa jina la Kiesselbach, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19. Takriban asilimia 90 ya damu za puani huanzia hapo, na ndiyo sababu nyingi hukatika nyumbani: jeraha liko mahali ambapo vidole vinafika.

Sasa ongeza hali ya hewa yetu. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka mzima ni milimita 500 na kitu, 600 mwaka ukiwa mzuri. Hiyo nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hewa inakauka. Juni na Julai kuna kipupwe, asubuhi na usiku ni baridi kavu. Agosti hadi Oktoba upepo unavuma na visulisuli vya vumbi vinazunguka viwanjani, iwe ni Bahi, Chamwino, Kongwa au Manyoni. Utando wa pua unakauka, unapasuka kama midomo inavyopasuka, kisha unaota magaga. Magaga yanawasha, kidole kinaingia kuyatoa, na mshipa ulio chini yake unachanika.

Wanaoshtuka zaidi ni wageni. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimetoka Dar es Salaam, kwenye unyevunyevu wa pwani, zikaja kuishi Nzuguni, Ihumwa, Mtumba na kwingineko. Mtoto ambaye hajawahi kutokwa na damu puani anaamka asubuhi mto umelowa damu, na mama anadhani ni ugonjwa mkubwa au kuna mkono wa mtu. Mara nyingi sana ni ukavu tu, na ukavu una dawa yake, nitaieleza hapa chini.

Ziko sababu nyingine pia: mafua na kupenga kwa nguvu, mzio, kugongwa au kuanguka, kitu kilichoingizwa puani, dawa za kupuliza puani zinazoelekezwa vibaya, na dawa zinazozuia damu kuganda. Zipo na adimu, kama magonjwa ya kurithi ya damu kutoganda, magonjwa ya ini na upungufu wa chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoisaidia kuganda.

Namna ya kuizuia, hatua kwa hatua

Kwanza, tulia na umtulize mgonjwa. Hofu hupandisha mapigo ya moyo na presha, na damu husukumwa zaidi. Mtoto akiona mama anapiga kelele naye analia, na kilio kinaongeza damu. Mwambie kwa sauti ya kawaida, “Kaa hapa mwanangu, tunaibana, itakata.” Kumbuka pia kwamba damu kidogo ikilowa kwenye kanga au shati la shule jeupe huonekana nyingi kuliko ilivyo.

Pili, mkalishe wima. Kwenye kiti, kigoda, ngazi ya mlango, popote, mradi kiwiliwili kiwe juu. Mtoto mdogo mpakate, mgongo wake uegemee kifua chako. Kichwa kiiname mbele, kidevu kielekee kifuani, na beseni au kitambaa kiwe chini yake. Damu ikiingia mdomoni aiteme. Asiimeze, kwa sababu damu tumboni huleta kichefuchefu, naye akitapika pua inaanza upya.

Tatu, kama ni mtu mzima au mtoto anayeelewa, apenge taratibu mara moja tu, kutoa madonge yaliyoganda ndani. Madonge makubwa huzuia mshipa usibanwe vizuri. Usifanye hivi kama pua imegongwa au unahisi imevunjika.

Nne ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo wengi wanaikosea. Pua ina sehemu mbili. Juu ni mfupa mgumu, pale miwani inapokaa. Chini ni laini, unaweza kuikunja kwa vidole. Kubana mfupa hakusaidii chochote, kwani mfupa hausogei na mshipa unaovuja hauko hapo. Bana chini ya mfupa, mabawa yote mawili ya pua, mpaka tundu zote mbili zifunge kabisa, hata kama damu inatoka upande mmoja. Bana kwa nguvu ya kutosha isipite hewa, ila isiwe ya kuumiza.

Tano, hesabu muda kwa saa. Weka kengele ya simu. Dakika 10 kwa mtoto, 10 hadi 15 kwa mtu mzima, mfululizo. Ninasisitiza neno mfululizo kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibika: mtu anabana dakika moja, anachungulia, anaona bado, anabana tena, anachungulia tena. Damu inahitaji muda wa kuganda na kuziba ufa. Kila ukiachia unaling'oa donge lililoanza kujijenga, na saa inaanza sifuri. Mkono ukichoka, mwingine ashike haraka.

Muda ukitimia, achia polepole. Ikiwa bado inatoka, bana tena dakika 10 hadi 15. Mtu mzima asiye na presha wala ugonjwa wa moyo anaweza kutumia dawa ya matone au ya kupuliza ya kuzibua pua, yenye oksimetazolini, kabla ya kubana mara ya pili; inakaza mishipa. Wajawazito na watoto wasitumie bila kuandikiwa na mtaalamu. Jumla ikifika dakika 30 na damu haijakata licha ya kubanwa vizuri, safari ya hospitali ianze, na mgonjwa aendelee kubana njiani.

Mgonjwa akiona kizunguzungu au akitaka kuzimia, mlaze kwa ubavu, uso uelekee chini kidogo ili damu itoke nje. Usimlaze chali.

Anayesaidia ajikinge. Vaa glavu kama zipo. Kama hazipo, mwache mgonjwa ajibane mwenyewe nawe umwelekeze. Ukishika damu, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nguo zenye damu ziloweke kwenye maji ya baridi. Maji ya moto huigandisha kwenye uzi na alama haitoki.

Mambo ya kuacha

Kumwinamisha mtu kichwa nyuma ndilo kosa lililoenea kuliko yote, nami nawaomba wazazi na walimu waliache leo. Ukiinua uso juu damu haijakata, imebadilisha njia tu, inashuka kooni. Huioni, unadhani imepona, kumbe mtoto anaimeza, na ikiwa nyingi inaweza kumpalia. Baadaye anatapika damu nyeusi na nyumba nzima inapagawa. Choo kinaweza kuwa cheusi kesho yake pia, kwa sababu hiyohiyo ya damu iliyomezwa.

Kumwagia maji ya baridi utosini hakumdhuru mtu, na kitambaa cha baridi juu ya pua au kwenye kisogo kinaweza kumpoza. Lakini hayo si badala ya kubana. Nimeona watu wanamwaga ndoo nzima, na pua haijashikwa na mtu yeyote. Kama mko wawili, mmoja abane, mwingine alete maji.

Usichomeke pamba kavu, karatasi ya chooni wala kipande cha kitambaa. Vinanata kwenye jeraha, ukivivuta vinang'oa donge. Majivu, unga wa tumbaku, majani yaliyopondwa, kitunguu, vyote viache. Vinakwaruza utando ambao tayari umechanika na kuingiza uchafu ndani.

Saa 24 zinazofuata

Damu ikishakata, kidonda bado kibichi. Mgonjwa asipenge wala kuchokonoa pua. Akitaka kupiga chafya, aipige akiwa amefungua mdomo. Asibebe ndoo ya maji wala gunia, asiiname kufua au kulima, asicheze mpira. Chai na uji avinywe vikiwa vuguvugu, si vya moto. Pombe na sigara akae navyo mbali. Usiku aongeze mto mmoja ili kichwa kiwe juu. Akiumwa kichwa ameze parasetamoli. Asitumie aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huzuia damu kuganda. Ila kama aspirini au warfarini ameandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi, asiziache kwa uamuzi wake, aende akaulize.

Kuilowanisha pua: kinga ya kweli

Kama mtoto wako anatokwa na damu kila kiangazi, hapa ndipo pa kuweka juhudi.

Mafuta ya mgando ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote. Nawa mikono, chukua kiasi cha punje ya mchele kwenye ncha ya kidole, paka mlangoni mwa kila tundu upande wa ule ukuta wa kati, kisha bana pua kidogo kwa nje ili yasambae. Asubuhi na usiku, kwa wiki mbili za mwanzo, baadaye usiku tu mpaka mvua zianze. Yasipelekwe ndani sana, na usitumie kijiti.

Maji ya chumvi nayo yanafaa. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa yakiwa yamefunikwa, pima mililita 250, yaani kikombe kimoja, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisawazishe kisijae kilima. Dondoshea matone mawili matatu kila tundu, mara tatu kwa siku, kwa bomba dogo safi lisilo na sindano. Kila siku tengeneza mapya, yaliyobaki mwaga. Msisitizo wangu ni maji yachemshwe. Maji ya kisima hapa Dodoma mengi yana chumvichumvi, na wapo wanaodhani yanatosha kama yalivyo. Hayatoshi, kwa sababu yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo mdomoni havina shida lakini puani vina hatari.

Chumba cha kulala kipatiwe unyevu. Beseni la maji pembeni, mbali na mtoto mdogo anayetambaa, au taulo lililolowanishwa na kukamuliwa, likaning'inizwa dirishani. Feni isimpulize mtu usoni usiku kucha.

Hapa nisimame kidogo kwenye jiko la mkaa. Kipupwe kikikaza, zipo nyumba ambazo huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha ili watu wapate joto. Moto ule unaikausha hewa zaidi, lakini hilo ni dogo. Mkaa unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni blanketi. Jiko libaki nje.

Kucha za watoto zikatwe fupi kila wiki, maana wengi huchokonoa wakiwa wamelala bila kujua. Uwanja unyunyizwe maji kabla ya kufagia. Anayepanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi afunge mtandio au avae barakoa. Maji ya kunywa yawepo, hasa kwa watoto wanaotembea mbali kwenda shule. Na anayetumia dawa ya mzio ya kupuliza aelekeze mdomo wa chupa upande wa jicho, si kwenye ukuta wa kati. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, hivyo unaelekea penyewe.

Watoto shuleni

Mwalimu wa zamu akiona damu mstarini, amtoe mtoto juani, amkalishe kivulini, na wenzake wasimzunguke. Kichwa mbele, pua ibanwe, saa itazamwe. Asirudi kukimbia siku hiyo.

Damu au uchafu wenye harufu mbaya ukitoka tundu moja tu, shuku kitu kilichoingizwa: harage, karanga, mbegu, shanga, kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa kibano nyumbani, kinaweza kusukumwa ndani zaidi. Ikiwa ni betri ndogo ya duara, ya saa au ya mdoli, usisubiri hata saa moja. Inaunguza nyama na kutoboa ukuta wa pua.

Mtoto wa chini ya miaka 2 si kawaida kutokwa na damu puani. Apelekwe akaangaliwe hata kama imekata. Na kijana wa kiume aliyebalehe au anayekaribia, ambaye pua imeziba upande mmoja na damu inamtoka mara kwa mara kwa wingi, amwone daktari wa masikio, pua na koo. Upo uvimbe unaowapata vijana wa umri huo, si saratani, lakini una mishipa mingi na hauchokonolewi.

Wazee, presha na ugoro

Kwa watu wazima wa zaidi ya miaka 50, damu huweza kutoka sehemu ya nyuma ya pua, ambako vidole havifiki. Dalili yake ni damu kutiririka kooni ingawa mgonjwa ameinama mbele na amebana vizuri. Hiyo haina tiba ya nyumbani. Ni hospitali moja kwa moja.

Watu husema, “Pua ikitoka damu ni presha imepanda.” Mara nyingi si presha iliyopasua mshipa, ila presha ikiwa juu damu inachelewa kukata. Na hofu yenyewe hupandisha vipimo, kwa hiyo babu apimwe pia baada ya kutulia, ikiwezekana tena siku inayofuata. Asipewe kidonge cha presha cha jirani. Kama alikuwa na dawa zake akaziacha kwa kuwa “alijisikia vizuri”, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Shikamoo kwa wazee wetu wanaonusa ugoro. Nawasihi kwa heshima wauache angalau pua zinapokuwa na vidonda. Unakausha na kuunguza palepale mishipa ilipo.

Wakati wa kwenda hospitali bila kusubiri

Nenda ikiwa damu imepita dakika 30. Ikiwa inamwagika kwa wingi au inashuka kooni. Mgonjwa akipauka, akitoka jasho la baridi, moyo ukimwenda mbio au akishindwa kupumua vizuri. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ikiwa ameanguka au kupata ajali, hasa maji mepesi kama ya kawaida yakichanganyika na damu puani. Nenda pia ikiwa kuna homa, fizi zinatoka damu, au ngozi ina madoadoa mekundu na michubuko isiyo na sababu. Mjamzito hutokwa na damu puani kwa urahisi kwa kuwa damu yake imeongezeka, lakini ikiambatana na kichwa kuuma sana, kuona ukungu au kuvimba uso, aende siku hiyohiyo.

Na anayetokwa na damu mara kwa mara, hata kama kila mara inakata, aandike tarehe, upande wa pua na muda iliochukua. Karatasi hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Njiani, mgonjwa anayeona kizunguzungu asipandishwe bodaboda. Tafuta bajaji au gari, mtu akae naye. Walio mjini wanazo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Walio vijijini waanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakipewa rufaa waendelee. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na kadi ya bima kama anayo.

Huko watambana tena kwa usahihi, watamulika ndani kutafuta mshipa, na wakiuona wanaweza kuuchoma kwa dawa, kitendo cha muda mfupi baada ya kupakwa ganzi. Usipoonekana wataijaza pua kwa bandeji maalumu. Inakera, kichwa kinajaa, unalazimika kupumua kwa mdomo, lakini usiivute mwenyewe hata ukihisi umepona. Kwa kawaida hukaa siku moja hadi tatu, na anayeitoa ni mhudumu, kwa tarehe aliyokuandikia.